Jirani Yangu na Vijana wa Msimu wa Baridi

Sifa njema zote zinamrejea Mwenyezi Mungu, asiyehitaji shahidi wala mpelelezi ili ayajue yaliyomo vifuani mwetu, na ambaye pamoja na kuyajua yote ametusitiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aliyeusiwa mno juu ya jirani hata akadhani jirani atapewa fungu katika mirathi. Baada ya hayo, nataka kuandika habari za mtu niliyekaa naye ukuta kwa ukuta ndani ya mji wa Maskati, tangu mwaka wa sitini na nne tuliposhuka kutoka Unguja mpaka mwaka wa sabini. Jina lake silitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda litajwe. Nasaba yake siijui zaidi ya aliyoniambia, na hakuniambia kitu. Nitamwita jirani, na hilo linamtosha.

Alikuwa mpishi. Unguja aliwapikia Wamarekani katika kituo chao cha shamba, walikokuwa wakifuatilia vyombo vyao vya angani, na Maskati alipika katika nyumba ya Mwingereza mmoja. Haya mawili peke yake yalitosha kumfanya atazamwe. Sisi tuliotoka Unguja mwaka ule hatukuwa watu wa kuamini upesi, na wenyeji tuliowakuta nao hawakutuamini sisi, maana tulizungumza Kiswahili mabarazani wasijue tunasema nini. Katika mji wa namna hiyo, mtu anayetumikia wageni na kujibu swali kwa swali hawezi kukosa kusemwa.

Nilimshuku tangu baridi ya kwanza, kwa sababu ya redio. Kila ilipoingia baridi, baada ya sala ya alfajiri redio yake ilianza kukoroma upande wa pili wa ukuta. Ilikoroma, ikapiga mluzi, kisha ikatoka sauti ya mtu anayesoma majina na hesabu kwa Kiingereza. Jina, hesabu, jina, hesabu. Siku nyingine haikutoka ila mikwaruzo, na jirani akakaa nayo vilevile mpaka jua lipande. Kiangazi redio ilinyamaza kabisa. Mke wangu Zuwena aliniuliza ni amri za nani hizo zinazokuja kwa baridi tu.

Nilimwuliza mwenyewe siku moja tulipokutana mlangoni. Akasema wale ni vijana.

"Vijana wa nani?"

"Wa Amerika. Wanacheza besiboli."

Akanieleza. Ni mchezo wa rungu na mpira mdogo mgumu. Kwao Amerika wakati wa baridi theluji hufunika viwanja, basi vijana ambao bado hawajawa wakubwa katika mchezo hupelekwa visiwa vya joto kule kwao, wacheze huko msimu mzima, watazamwe kama watafaa. Wamarekani walikuwa na idhaa ya askari wao walio mbali, na mara mojamoja idhaa hiyo ikitaja habari za vijana hao. Nikamwuliza kama anawajua. Akasema hajapata kumwona hata mmoja. Mchezo wenyewe hakuwahi kuuona ukichezwa kamili. Aliwaona Wamarekani wa kituoni wakirushiana mpira majanini saa za kupumzika, basi.

"Wanakuhusu nini, basi?"

"Maalim, wewe kila Ijumaa unawaombea Waislamu wa China. Umewaona?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa akijibu. Ukitoka mlangoni kwake unacheka, na ukifika kwako unagundua hukuambiwa kitu.

Siku nyingine aliongeza kidogo. Kule kituoni palikuwa na fundi mmoja mtu mzima, Mmarekani, ambaye kabla ya kazi ile aliwahi kuzunguka nchi yake akitafuta vijana wa kuchezea timu. Kila asubuhi akila mayai yake, alimhadithia mpishi habari za vijana wa msimu wa baridi, nani amepanda, nani ameshuka. Jirani alisema, "Yule alinifundisha pa kutazama." Nikamwuliza ni wapi. Akasema chungu chake kinaungua, akaingia ndani. Sikusikia harufu ya kuungua.

Nisimdhulumu. Alikuwa na mambo mema, yakiwa yamechanganyika na mengine kama mchele usiochaguliwa. Sukari alikuwa bahili nayo hata mgeni akaona haya kukoroga, lakini supu ya mguu wa mbuzi aliwapa vijana wa mtaa bakuli zima, akasimama akiwatazama wanavyokunywa. Msikitini alisali safu ya mwisho, karibu na mlango. Nilipomwuliza alisema mpishi hunuka kitunguu na hapendi kuwaudhi malaika. Jibu zuri, na lina asili katika dini. Lakini kutoka pale mlangoni pia aliweza kumwona kila anayeingia na kila anayetoka. Kikapu chake hakumwachia mtu akibebe, na nyumba yake haikufungwa kwa kufuli.

Wala hakuwa mjuzi wa kila kitu. Msimu mmoja alimchagua kijana mmoja wa redioni akasema huyu jina lake litafika hata Sidab, kijiji cha pwani nje ya mji, wavuvi watalitaja. Msimu uliofuata jina halikusikika, wala uliofuata. Alihuzunika kama aliyefiwa, na Zuwena akasikia kwa mtumishi wa Mwingereza kwamba wiki hiyo keki ilipikwa kwa chumvi. Nilimpa pole kwa mzaha. Alinijibu bila mzaha kwamba kosa si la kijana, kosa ni la masikio yake, maana alimpenda kwa siku alizoshinda. "Nani hajui kushinda?" alisema. "Kushinda hata mjinga anakujua."

Sasa nieleze habari za uwanjani, maana huko ndiko shaka ilikokuwa ikikua.

Wasioijua Maskati hawajui maana ya baridi yake. Kwetu haikuwa baridi ya kutetemeka. Ilikuwa ruhusa ya kupumua. Miezi ya joto milima ile ilirudisha moto wa mchana kama jiko, na hakuna aliyekimbia ila anayekimbizwa. Baridi ikiingia, Ijumaa baada ya sala ya alasiri vijana walitoka nje ya mlango mkubwa wa mji, kwenye uwanda wa changarawe, wakacheza mpira. Vijana wetu wa Unguja walikuwa na timu, wana wa wavuvi wa Sidab timu yao, Mabaluchi wa Matrah, mji wa bandari wa jirani, yao. Walicheza mpaka jua linakaribia kuzama, kisha kila mtu akarudi kwao mapema, kwa kuwa milango ya mji ilikuwa na saa zake.

Jirani hakukosa hata Ijumaa moja. Watu wote walisimama karibu na magoli. Yeye alisimama peke yake katikati ya urefu wa uwanja, upande wa jua, amekunja uso. Mfuko wa kulia wa kanzu yake ulikuwa na kokwa za tende. Kila mara alitoa kokwa moja akaihamishia mfuko wa kushoto. Na hapa ndipo watu walipochanganyikiwa: goli likifungwa, watu wanaruka, yeye mkono wake hautikisiki. Halafu mchezo umepoa, mpira umetoka, hakuna aliyefanya la maana, na mkono wake unahamisha kokwa.

Kinyozi wa mtaani, mtu wa maneno, alimwuliza mbele za watu, "Yakhe, hizo kokwa unamsabihi nani?"

Jirani akasema, "Nauombea mdomo wako ufumbwe. Kama uonavyo, bado sijajibiwa."

Watu walicheka, lakini kicheko chao kilikuwa na mwiba. Kwa sababu mtu huyu hakuishia uwanjani. Alipita kwa wazazi akauliza. Kijana wako huamka mwenyewe au huamshwa? Akikosa chakula hununa? Akigombana na mwenzake, nani huanza kutoa salamu? Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza bei ya samaki. Mtu wa Sidab aliweza kumjibu bila wasiwasi. Sisi hatukuweza. Unguja tulikuwa tumeshawaona watu wakija mlangoni na maswali, huyu nani, mwana wa nani, analala wapi, na baada ya maswali yale hatukuona tena waliokuwa wakiulizwa. Basi mama wa Kiunguja akisikia mwanawe ameulizwa hata kama anapenda dengu, usingizi ulimtoka.

Na nchi yenyewe wakati ule ilikuwa ya ruhusa. Kusafiri kulitaka ruhusa, na ruhusa haikuwa rahisi. Skuli ya serikali mjini ilikuwa moja, na nafasi zake hazikuwa za kila mtoto. Kijana akifika umri wa kutaka dunia, dunia yake ilikuwa kutoka mlango ule mkubwa mpaka forodha ya Matrah. Silalamiki. Mungu alitupa amani pale tulipofika bila kitu, na mkate wa watu wale nimeula. Nasema tu ilivyokuwa.

Mwisho wa msimu wa kwanza akapotea kipa wa Sidab. Hakuwa kipa wa kusifiwa. Magoli yaliingia kwake kama watu wanaoingia sokoni. Msimu wa pili ukamalizika na Mbaluchi mmoja mrefu wa Matrah naye haonekani. Ndipo watu wakaanza kuunganisha. Wote wawili walikuwa wamekunywa ile supu. Wengine wakasema jirani anauza vijana jeshini. Wengine wakasema anawataja kwa wakubwa na wamefungwa ngomeni. Akina mama wakawa wanavuta watoto wao ndani akipita. Yeye akatoa salamu zake zilezile, mlango kwa mlango, akajibiwa na milango.

Mimi nilikuwa na la kuogopa kuliko wengi. Nilikuwa na mdogo wangu, Nassor. Baba yetu alibaki chini ya udongo wa Unguja. Mama hakutaka kuliacha kaburi, akatusindikiza mpaka bandarini, akautia mkono wa Nassor katika mkono wangu. Nassor wakati huo hajaota ndevu. Nilimlea pamoja na wanangu. Skuli hakupata, akawa mchukuzi pale forodhani Matrah. Lakini Ijumaa, juu ya changarawe, hakuna aliyemfikia. Mpira ulimfuata kama paka anavyomfuata muuza samaki. Hata Mabaluchi walimshangilia huku akiwafunga.

Siku Zuwena aliponiambia, "Jirani kaniuliza kama Nassor akiumia hulia au hunyamaza," nilihisi baridi ya kweli, si ile ya Maskati.

Nikamwendea. Nilimkuta uani kwake anachagua mchele katika ungo. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Nassor, na kwamba namwomba kwa haki ya ujirani amwondolee macho yake.

Aliendelea kuchagua. "Nani kakutuma?"

"Mama yetu."

"Mama yenu yuko Unguja."

"Yeye ndiye kanituma."

Akaweka ungo chini. Alinitazama kama anavyotazama uwanja. Kisha akasema, "Basi kalale salama, Maalim. Nassor hafai."

"Hafai nini?"

"Miguu anayo kuliko wote. Lakini akinyang'anywa mpira, kabla hajaufuata, anatutazama sisi. Anatafuta nani amemwonea huruma. Huko wanakokwenda mtu yuko peke yake. Atatutafuta, hatupo."

Wasomaji wangu, nilifahamu yote kwa pamoja. Nilifahamu kokwa zilikuwa zikihamishwa wakati gani, yaani mtu akishapoteza mpira, katika ule muda mdogo ambao hakuna anayeutazama. Ndipo pa kutazama alipofundishwa na yule Mmarekani wa mayai: si siku kijana alipopiga, ila asubuhi ya baada ya siku aliyokosa. Na nilifahamu kwamba vijana wale hawakuuzwa wala hawakufungwa. Walikuwa wamevushwa, wametolewa nchini bila ruhusa, wakatafute elimu na kazi kwenye nchi za Ghuba, maana Maskati ya siku zile mtu akisema "huko" hakukuwa na huko kwingine. Na mtu huyu alikuwa ameniwekea siri hiyo mkononi kama anayeniwekea kaa la moto.

Nilipaswa kushukuru na kuondoka. Nilikuwa nimepata nilichokiomba. Badala yake nilikasirika mpaka kilemba kikanilegea. Nikamwambia, Nassor wangu hafai, na yule wa Sidab, goli lake wazi kama mlango wa msikiti, ndiye anafaa?

"Yule kila akifungwa huufuata mpira mwenyewe," alisema. "Anaurudisha, hamtazami mtu."

Niliinuka nikatoka. Alinifuata na sauti yake: "Na salamu hukutoa, Maalim."

Baada ya hapo shaka yangu haikupungua, iligeuka sura. Nilijiuliza, kama ni mtu wa wakubwa, si ndivyo angefanya? Angenitupia neno la hatari kisha angoje aone kama nitalipeleka mahali. Sikumwambia yeyote, hata Zuwena. Nilisali, nilisomesha watoto Kurani katika nyumba ya kadhi kama kawaida yangu, na nikamwangalia jirani kwa pembe ya jicho. Naye, nilihisi, ananiangalia mimi.

Ila kuna jambo ambalo ukishaliona huwezi tena kutoliona. Ijumaa zile nilizokuwa nikienda kumtazama Nassor akifunga, sasa nilimtazama akinyang'anywa. Ilikuwa kweli. Kila mara kichwa chake kiligeukia tuliko. Na mara nyingi macho yake yalikuwa yananitafuta mimi.

Kiangazi cha mwaka uliofuata tulipata habari kutoka Unguja kwamba mama amefariki. Aliyeileta alikuwa msafiri, alituambia mlangoni, akanywa maji, akaenda zake. Tulisoma hitima. Jirani alituletea biriani ya msiba katika sufuria la Mwingereza, hakuketi. Nassor hakulia mbele yangu. Alikwenda forodhani siku ya pili, akabeba mizigo.

Baridi ikaingia. Ijumaa ya mwanzo walicheza na Sidab. Nassor alipata mpira, akawapita wawili, wa tatu akamnyang'anya mguuni na kumwangusha juu ya changarawe. Nilingoja ageuze kichwa. Nasema kweli, nilitaka ageuze. Nilikuwa nimeshautengeneza uso wangu tayari kwa ajili yake. Aliinuka, goti linatoka damu, akaufuata mpira. Hakumtazama mtu. Ng'ambo ya uwanja niliuona mkono wa jirani ukiingia mfuko wa kulia.

Hakuja siku ile wala wiki ile. Alikuja baridi inapomalizikia, akaketi barazani kwangu, jambo ambalo hakupata kulifanya kabla. Akasema lipo gari la mizigo linalopakia Bawshar, nje ya mji, linakwenda njia ya pwani mpaka Dubai. Akasema hamchukui kijana ila kwa idhini ya anayemlisha.

Nikamwuliza, "Wale wawili wako wapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nnajua walifika Dubai. Baada ya hapo nnawajua kama nnavyowajua wale wa redioni. Jina linasikika au halisikiki."

"Na nikikwambia hapana?"

"Basi mimi sikuja hapa."

Hakunipa dhamana yoyote. Mtu mwongo angenipa. Nililifikiria hilo usiku kucha, na bado halikutosha, kwa sababu mwongo hodari angelifikiria nalo pia. Nikasali istikhara, kumwomba Mungu anichagulie lenye kheri. Kisha nikamwita Nassor nikamweleza, na nikamwambia aseme lililo moyoni mwake wala asiutazame uso wangu.

Alitazama mikono yake. "Kaka," alisema, "kila siku nnabeba makasha yameandikwa, na sijui yameandikwa nini. Wanaojua ndio wanaonionyesha pa kuyaweka."

Aliondoka asubuhi moja baada ya alfajiri, pamoja na jirani, kama wanaokwenda sokoni. Jirani alirudi peke yake kabla ya adhuhuri, na samaki kikapuni. Waliouliza niliwaambia Nassor yuko safarini, na kila mwanaadamu yuko safarini. Askari wa mtaa aliuliza mara mbili, kisha akachoka. Mimi na jirani tukaacha kusimama pamoja, kila mmoja asimtie mwenzake katika macho ya watu. Na kinyozi akaeneza kwamba tumegombana kwa sababu ya maji ya kisima.

Misimu miwili ilipita sina habari. Vipi nitaieleza? Nilifundisha, nilikula, nilicheka na wanangu. Lakini baridi ilipoingia na redio ilipoanza kukoroma upande wa pili, nilijikuta siondoki pale. Nilivuta msala wangu karibu na ukuta. Yeye alisikiliza upande wake nami upande wangu, majina ya vijana wa watu, nisiowajua, wanaopiga mpira usiojulikana kwetu, katika visiwa nisivyoweza kuvionyesha. Sikuelewa ila majina. Na kila jina lililotajwa nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mama yake.

Mwaka wa sabini Mungu alitaka mambo yabadilike. Nchi ikapata mtawala mpya, milango ikaachwa wazi, na wito ukatolewa kwamba walio nje warudi wajenge kwao. Walianza kurudi kwa meli na kwa ndege, kutoka Kuwait, Bahrain, Misri. Mjini kukajaa watu wenye mikoba wanaotafuta nyumba walizozaliwa. Baridi ilipoingia, asubuhi moja nilisikia salamu mlangoni, nikafungua. Alikuwa mtu mzima, ana ndevu, amevaa suti na viatu vinavyong'aa. Alikuwa fundi umeme, amesoma Kuwait, na ana karatasi za kuonyesha. Sikuzitazama karatasi. Nilikaa chini pale pale kizingitini, Zuwena ndiye aliyemkaribisha.

Baada ya chakula nikamchukua kumpeleka kwa jirani. Wakati huo jirani alikuwa ameacha kazi. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, akiona sura kama anatazama kupitia pazia. Alikuwa ameketi mlangoni. Nikamwambia, huyu hapa Nassor, amerudi. Nassor akatoa salamu.

Hakuinuka. Alitega uso upande wa ile suti.

"Maalim," alisema, "siku hizi wanakuja wengi wa suti wanauliza nani alimvusha nani. Huyu ni nani?"

"Ni Nassor. Nakuapia."

"Uape tu. Mimi na wewe tumeishi miaka mingi. Unadhani nilikuwa nakuamini? Ulikuwa ukiingia kwa kadhi na kutoka. Nilijua ni wewe unayepeleka habari za mtaa."

Miaka yote ile nimemwogopa, kumbe ananiogopa mimi. Nikamwuliza kwa nini basi aliniambia la Nassor siku ile ya mchele.

"Nilitaka nikuone. Mpelelezi angefurahi, angetoka na habari yake. Wewe ulikasirika kama ndugu."

"Kwa hiyo ulinidanganya kwamba hafai?"

"La. Alikuwa hafai. Kweli nayo humpima mtu."

Nassor alikuwa amesimama hajui acheke au aondoke. Jirani akamnyooshea kidole. "Sura simjui. Sauti imekuwa ya mwanamume, siijui. Mwambie akimbie."

Nikamtazama mdogo wangu, fundi wa watu, karatasi zake mfukoni. Alivua koti akanipa. Akavua viatu, akavipanga mlangoni. Kisha akakimbia kichochoro chetu kile mpaka mwisho, watoto wakampisha, akina mama wakachungulia. Katika kurudi alijikwaa kwenye jiwe la kizingiti cha kinyozi akaanguka kwa magoti, suruali ile nzuri ikachanika. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, akataka kumpa pole. Nassor alikuwa ameshainuka, anakimbia, hakumtazama kinyozi, wala mimi, wala mtu yeyote.

Jirani alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza nyayo.

"Ndiye," alisema. Akajishika kwenye fremu ya mlango akasimama. "Mwambie aingie. Goti lake lioshwe."

Ewe unayesoma, Mungu akujaalie jirani ambaye shaka yako juu yake haitakuwa ya kweli, na akufanye wewe uwe hivyo kwa wako. Akuinue kila unapoanguka pasipo na wa kukutazama, na awarudishe walio safarini milangoni mwa wanaowangoja, ambao nyayo za wasafiri wao hawajazisahau. Amin.